Mbao Haikauki kwa Kalenda: Mwongozo kwa Mafundi wa Mwanza na Kandokando ya Ziwa

Ukimuuliza muuza mbao wa Mwanza kama mzigo wake umekauka, atakujibu "kavu hizo, fundi", na pengine atagonga ubao mmoja kwa kifundo cha kidole ili usikie unavyolia. Hakudanganyi. Kwa kazi ya kenchi na papi mbao hizo zinafaa kabisa. Ila kwa mlango wa paneli, kabati la nguo au meza ya sebuleni bado hazijafika, na mlio ule haukuambii zimebakiza kiasi gani. Mlango uliofunga vizuri mwezi Mei unaanza kupitisha mwanga pembeni ifikapo Agosti. Kabati linachanika ubavuni, kitanda kinalia kila mtu akijigeuza. Lawama zote humwangukia fundi na mkono wake, wakati shida ilikuwa maji yaliyobaki ndani ya ubao siku alipoupiga randa.

Mengi yafuatayo utayasikia pia kwa mafundi wazee: kivuli, upepo, nafasi kati ya ubao na ubao. Ninaloshikilia mimi zaidi ya yote ni mizani. Mbao hazikauki kwa idadi ya miezi, wala kwa kuguswa na kiganja. Zinakauka kwa gramu, na mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja inagharimu kidogo kuliko ubao mmoja wa mninga utakaouharibu. Nenda kainunue kabla hujapanga rundo la kwanza.

Maji yaliyomo ndani ya ubao

Mti ukikatwa, maji yake yamo mahali pawili. Yapo yaliyojaa ndani ya mirija myembamba ya mti, na yapo yaliyonywewa na kuta zenyewe za mirija hiyo. Yale ya kwanza hutoka mapema, na yanapotoka ubao hupungua uzito tu, vipimo vyake havibadiliki. Yakiisha, unyevu ukiwa umeshuka hadi karibu asilimia 30, kuta nazo huanza kukauka. Kuanzia hapo ndipo ubao husinyaa, hupinda na kupasuka. Kwa hiyo mbao zinaweza kukaa wiki kadhaa bila kuonyesha mabadiliko yoyote, mwenyewe akaamini zimetulia, kumbe safari yenyewe haijaanza.

Asilimia hizo huhesabiwa kwa kulinganisha uzito wa maji na uzito wa mti uliokauka kabisa. Ndiyo maana paina mbichi inaweza kuvuka asilimia 100: maji yake yana uzito kuliko mti wenyewe.

Kusinyaa hakuko sawa pande zote. Kwa urefu ubao haupungui kiasi cha kukusumbua. Kwa upana inategemea ulivyopasuliwa, na jibu limeandikwa kwenye ncha yake. Chukua ubao, tazama ncha. Ikiwa mistari ya umri wa mti imelala kufuata upana, ubao huo utasinyaa karibu mara mbili ya ule ambao mistari yake imesimama wima. Tena ule wa mistari iliyolala hujikunja, kingo zikiinuka upande uliokuwa wa ganda. Ubao wa paina wa moja kwa nane, mistari ikiwa imelala, ukishuka kutoka asilimia 30 hadi 12 unaweza kupoteza milimita 8 hivi za upana. Fikiria paneli ya mlango iliyounganishwa kwa mbao tatu za namna hiyo.

Hali ya mbao zinapokufikia

Mzigo mkubwa wa paina unaouzwa Kanda ya Ziwa hutoka Nyanda za Juu Kusini, kwenye shamba la miti la Sao Hill na mashamba ya watu binafsi wilayani Mufindi. Karibu na Mwanza kuna mashamba ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, huko Rubya kisiwani Ukerewe na Buhindi upande wa Buchosa. Mninga na mkongo huletwa kutoka misitu ya miombo ya Tabora na Katavi. Popote zinapotoka, dai risiti na hati ya kusafirishia. Mbao zisizo na karatasi zinaweza kukamatwa zikiwa kwenye karakana yako, na mwenye kujieleza utakuwa wewe.

Lori likitoka Mafinga linapita Iringa, Dodoma, Singida na Shinyanga, zaidi ya kilomita 900 za nchi ambayo sehemu yake kubwa ni kame. Mtu anaweza kudhani mbao zimekauka njiani. Zilizokaa juu na pembeni zimekauka kweli, tena upande mmoja tu, na ndizo unazozikuta zimeanza kujikunja. Zilizobanwa katikati hazijapata hewa hata kidogo. Unaposhusha, mzigo mmoja unakuwa na mbao za asilimia 25 na nyingine za 80, zote bei moja, zote zikiitwa kavu. Usipime ubao wa juu ukaamini umepima lori zima. Chomoa tatu au nne kutoka katikati, zishike mkononi, linganisha uzito na zile za juu zenye vipimo hivyo hivyo. Tofauti utaihisi hata kabla ya mizani.

Majira na upepo wa ziwa

Ipo kanuni ya zamani ya Ulaya inayosema mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Wenzetu wa kule wana majira ya baridi ambayo mbao hulala miezi bila kukauka, kwa hiyo kwao ina maana. Kwetu isikutawale. Paina ya inchi moja iliyopangwa vizuri mwanzo wa Juni hapa Mwanza inaweza kuwa tayari kwa karakana baada ya mwezi mmoja hadi miwili. Mbao ngumu za inchi moja huchukua miezi mitatu hadi sita. Unene ukiongezeka mara mbili, muda huongezeka zaidi ya mara mbili, maana maji ya katikati yana safari ndefu kufika nje.

Chagua msimu. Masika huwa Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na kati yake kuna kiangazi cha Juni hadi Septemba, ambacho ndicho hazina ya fundi wa ziwani. Rundo lililopangwa mwishoni mwa Mei hupata kiangazi chote. Lililopangwa Oktoba halipotei, ila litakwenda polepole, na paina ndani yake inaweza kushikwa na ukungu kabla haijashuka.

Ubao una tabia ya kufuata unyevu wa hewa inayouzunguka, kisha kusimama hapo. Kwa joto la kwetu, hewa yenye unyevu wa asilimia 50 huushusha hadi kama 9, hewa ya asilimia 65 huusimamisha kwenye 12, na ya asilimia 80 huuacha kwenye 16. Kifaa kidogo cha kupima unyevu wa hewa ukikitundika kivulini karibu na rundo kitakueleza kwa nini mbao zako zimekataa kushuka mwezi Aprili. Hazijakataa. Zimefika zinapoweza kufika kwa hewa ile, na kuzisubiri hapo hapo ni kupoteza muda.

Hayo hutofautiana sana kandokando ya ziwa moja. Bukoba hupata mvua karibu maradufu ya Mwanza, na anayekausha mbao kule asitumie ratiba ya mwenzake wa Mwanza au Musoma. Hata ndani ya jiji, uwanja ulio kilimani juu ya mawe haukaushi sawa na ule ulio bondeni karibu na maji. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa na upepo huja kutoka majini. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Simama uwanjani kwako saa tisa alasiri, uone upepo unakuja upande gani, ndipo uamue rundo litalala vipi.

Kupanga rundo

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi hukimbilia kumaliza.

Watu wa ziwani hawahitaji kufundishwa faida ya kuinua kitu kutoka ardhini. Dagaa walioanikwa juu ya chanja hukauka safi kuliko waliotandazwa mchangani, kwa sababu hewa inapita chini na juu yao. Mbao nazo zinataka hewa ya namna hiyo. Tofauti yao ni jua: dagaa wanalitaka, mbao zinalikimbia. Ubao ulioanikwa juani hukauka ngozi ya nje upesi, ngozi inataka kusinyaa, ndani bado kumejaa maji na hakukubali. Ngozi inapasuka. Kwa hiyo chagua kivuli chenye upepo. Ukikosa kivuli cha asili, tengeneza cha bati.

Msingi uwe wa matofali ya saruji au mawe, sentimita 40 kutoka ardhini, na juu yake mihimili iliyonyooka. Nyosha uzi kutoka mwanzo hadi mwisho, uhakikishe mihimili yote iko usawa mmoja. Mbao hukauka katika umbo ulilozilaza, kwa hiyo msingi uliopinda hutoa mbao zilizopinda, na hakuna randa itakayorudisha hilo bila kula unene. Fyeka majani chini, uache hewa ipite. Kagua msingi kila wiki kuona kama mchwa wamejenga njia ya udongo. Wengi humwaga oili chafu ardhini kuwazuia. Karibu na ziwa usifanye hivyo, mvua ya kwanza itaishusha majini tunakochota na kuvua. Jicho lako na ufagio vinatosha.

Kati ya tabaka na tabaka weka vibanzi vya kutenganishia. Viwe vya mbao kavu, unene wa sentimita mbili na nusu, vyote unene mmoja. Kibanzi kibichi huacha doa kwenye ubao, na doa hilo huingia ndani kuliko randa inavyofika. Vipange kila baada ya sentimita 45 hadi 60. Kwa paina changa au mkaratusi, ambazo hupenda kusokotana, sogeza hadi 30 au 40. Kila kibanzi kikae juu kabisa ya kile cha chini yake, na vyote viangukie juu ya mhimili wa msingi, ili uzito ushuke moja kwa moja hadi kwenye tofali. Rudi nyuma hatua chache utazame rundo kwa ubavu: vibanzi vinatakiwa kuonekana kama nguzo zilizosimama. Kimoja kikitoka nje ya mstari, ubao wa juu yake unabonyea hapo kila siku, na baada ya miezi miwili umejifunza kubonyea.

Ncha za mbao ziishie juu ya kibanzi, zisining'inie. Upana wa rundo usizidi mita moja na nusu, la sivyo katikati hapapati hewa. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya ubao na ubao. Hewa hupita sambamba na vibanzi, yaani kutoka ubavu hadi ubavu, kwa hiyo kwa paina elekeza ubavu mrefu wa rundo kwenye upepo wa mchana. Kwa mkaratusi fanya kinyume, elekeza ncha kwenye upepo, na wiki za mwanzo ning'iniza magunia ubavuni ili kuupunguza.

Siku hiyo hiyo unayopasua au kushusha mzigo, paka ncha za mbao. Maji hutoka kwenye ncha haraka mara nyingi kuliko kwenye uso, na nyufa ndefu unazozikuta mwishoni mwa ubao hutoka huko. Rangi ya mafuta iliyobaki inafaa, mikono miwili mizito. Nta iliyoyeyushwa inafaa zaidi. Ukingoja hadi kesho kutwa, ufa mdogo usiouona kwa jicho umeshaanza, na rangi haitaufunga.

Juu ya rundo weka bati lenye mteremko, likizidi kila upande kwa nusu mita, na liinuliwe kidogo ili hewa ipite. Turubai lililofunikwa hadi chini ni adui. Linazuia mvua na linafungia unyevu ndani, na ukilifunua baada ya wiki tatu utakuta mbao zimeota ukungu. Mwisho weka uzito. Mwanza hatukosi mawe. Panga mihimili juu ya vibanzi vya tabaka la juu, kisha weka mawe ya kutosha, kilo 200 hadi 250 kwa kila mita ya mraba ya rundo la paina. Tabaka za chini zinabanwa na zile zilizo juu yake. Za juu hazina cha kuzibana isipokuwa mawe hayo.

Mizani

Chukua ubao mmoja wa kawaida kutoka kwenye mzigo, si mzuri kuliko wote wala mbaya kuliko wote. Uingie ndani sentimita 40 kutoka kwenye ncha, kwa kuwa ncha imeshaanza kukauka na itakudanganya. Kata kipande chembamba, sentimita mbili na nusu kwa kufuata urefu wa ubao, upana wote na unene wote. Kisha kata ubao wa sampuli wenye urefu wa sentimita 75, na baada yake kipande kingine chembamba kama cha kwanza. Futa vumbi la msumeno, pima vipande vyote mara moja, andika. Paka ncha za ubao wa sampuli, upime nao, andika gramu hizo juu yake kwa kalamu ya risasi.

Vipande vile vyembamba sasa vikaushwe kabisa. Oveni iliyowekwa nyuzi 103 ndiyo ya vitabuni. Kama huna, sufuria nzito yenye mchanga juu ya jiko la mkaa, ile ile inayooka keki, inafanya kazi ukiwa na subira. Moto uwe mdogo, vipande vilale juu ya waya visiguse mchanga, mfuniko uachwe wazi kidogo mvuke utoke. Anza kupima baada ya saa kadhaa, kisha kila baada ya saa moja. Uzito ukirudia ule ule mara mbili, maji yamekwisha. Kipande kikigeuka kahawia au kikitoa harufu ya kuungua, umeanza kuchoma mti wenyewe. Kitupe, ukate kingine.

Tuseme kipande kilikuwa gramu 91 kikiwa kibichi na kimebaki 52. Maji yalikuwa gramu 39. Gawanya 39 kwa 52, unapata 0.75, yaani asilimia 75. Chukua wastani wa vipande viwili. Ubao wako wa sampuli siku ile ulikuwa na gramu 2,800. Gawanya kwa 1.75, unapata 1,600. Huo ndio uzito wa mti mtupu ulio ndani ya sampuli, na hautabadilika hadi mwisho wa kazi. Unataka asilimia 12? Zidisha 1,600 kwa 1.12: gramu 1,792. Iandike namba hiyo kwenye ubao wenyewe, kubwa, uizungushie duara.

Sampuli irudi ndani ya rundo, katikati, mahali ulipoacha nafasi ya kuichomoa bila kubomoa kitu. Kila Jumamosi itoe, ipime, irudishe. Ikisoma 2,000 uko kwenye asilimia 25, na ujue kusinyaa kumeshaanza, tazama rundo lisilegee chini ya mawe. Ikikaribia 1,850 uko kwenye 16 kasoro. Ikisoma sawa wiki mbili mfululizo na haijafika 1,792, hewa ya nje imekupa yote iliyonayo, na kinachobaki utakipata ndani ya nyumba au kwenye banda la jua.

Kuna vipimo vya sindano vya umeme, na ni vizuri kuwa nacho kimoja. Jua tu kwamba juu ya asilimia 30 havisemi kweli, kwamba kila aina ya mti inahitaji masahihisho yake, na kwamba sindano ikigusa uso inakusomea uso. Kata ubao, chomeka sindano kwenye mkato mpya, katikati. Wanaotaka kuingia ndani zaidi katika elimu hii, Chuo cha Viwanda vya Misitu cha Moshi, FITI, kinaifundisha.

Kila mti na tabia yake

Mninga ni mti wa heri. Haukauki haraka, lakini unakauka vizuri, husinyaa kidogo sana, na ubao uliopangwa kwa uangalifu wa kawaida hutoka umenyooka. Angalia tu sehemu nyeupe ya pembeni: wadudu wanaotoboa mbao na kuacha unga mwembamba hupenda sehemu hiyo, si kiini chekundu. Ikate mapema, usiingize kwenye samani. Mvule nao hausumbui. Mtiki ni mpole lakini mzito wa safari, na mbao mbili za mti mmoja zinaweza kupishana sana kwa unyevu, kwa hiyo uwe na sampuli zaidi ya moja.

Paina inataka haraka. Ikikaa imerundikana siku chache tu kwenye joto letu, kuvu wa rangi ya bluu huingia. Hawadhoofishi ubao kiasi cha kuuvunja, na ukipaka rangi hawaonekani, lakini kwa kazi ya vanishi umepoteza. Kuvu hao hawakui chini ya asilimia 20, kwa hiyo mbio zako ni kufika hapo. Shida ya pili ya paina ni umri. Miti mingi huvunwa ikiwa michanga, na mti wa karibu na kiini cha mti mchanga husokotana hata ufanye nini. Mbao zenye kiini katikati zitenge kwa kenchi.

Mkaratusi ndio mtihani. Unasinyaa sana, unapasuka uso, na ukikaushwa kwa pupa mirija yake hujibonyeza kwa ndani, uso ukawa na mabonde. Wiki za mwanzo upe kivuli kizito, upepo kidogo, na mizani kila siku ya pili badala ya kila wiki. Ukiona uzito unaanguka kwa kasi, ongeza magunia. Miezi miwili ya upole mwanzoni itakuokolea nusu ya mzigo. Wapo wanaouacha mti huu kabisa kwa samani, na naona wanakosea: ni mgumu, unapendeza, unakua hapa hapa kwetu, na kila ubao wa mkaratusi unaokaushwa vizuri ni ubao mmoja wa mvule unaobaki umesimama msituni.

Mwembe hupata madoa na wadudu mapema, ukipasua leo upange leo. Mgrevilia hauna makuu.

Banda la jua

Rundo la nje litakufikisha kwenye 13 au 14, kiangazi kikiwa kizuri pengine 12. Kwa meza pana au milango ya ofisi yenye kiyoyozi unataka 10 hivi. Banda la jua linakufikisha huko bila kuni wala mtambo wa gharama: kibanda kilichofungwa pande zote, paa la nailoni ngumu au plastiki inayopitisha mwanga, chini ya paa bati lililopakwa rangi nyeusi, feni mbili za kusukuma hewa ya moto ipite kwenye rundo, na matundu yenye vifuniko ya kutoa mvuke. Kadirio linalokubalika ni mita moja ya mraba ya paa kwa robo ya mita ya ujazo ya mbao.

Ukipata mchoro kutoka Marekani au Ulaya, usiunakili paa lake. Wao huliinamisha sana kwa sababu jua lao hupita upande mmoja wa anga. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta, jua la saa sita liko karibu na utosi mwaka mzima, na paa lenye mteremko wa kutiririsha mvua tu ndilo linalokusanya joto vizuri.

Usiku zima feni, funga matundu. Hewa ndani hupoa, unyevu hupanda, na ngozi ya mbao iliyokazwa na joto la mchana hulegea. Mapumziko hayo hukulinda dhidi ya hila mbaya kuliko zote: ubao unaoonekana umenyooka, ukiupasua katikati nusu mbili zinabana msumeno. Ili kujua kama umepata hila hiyo, kata kipande chembamba kama kile cha kupimia, toa sehemu ya katikati kwa msumeno ili kibaki na meno mawili marefu. Meno yakikunjamana kuelekeana, mbao zina mkazo ndani. Zinyunyizie maji kidogo, funga banda siku mbili, upime tena.

Mkaratusi mbichi usiuingize humu. Ushushe kwanza nje hadi 25 au chini.

Zinakokwenda kuishi

Asilimia 12 haifai kwa kila kazi. Kabati litakalokaa Nyamagana au Ilemela, nyumba yenye madirisha wazi, litatulia kwenye 12. Mlango unaoutengeneza hapa kwa mteja wa Dodoma uushushe hadi 10 au chini yake, kwani hewa ya kule ni kavu kuliko ya ziwani, na ubao uliotulia Mwanza utaendelea kusinyaa ukifika. Paneli ziache huru ndani ya mifereji ya fremu, gundi isiziguse. Meza iunganishwe na miguu kwa skrubu zinazopita kwenye matundu marefu. Hata ubao uliokauka vizuri utavimba kila masika na kusinyaa kila kiangazi.

Mbao zilizofika lengo zitolewe vibanzi, zipangwe zikigusana ndani ya chumba, zifunikwe. Kabla ya kazi zipige randa ya kwanza, ukiacha milimita mbili tatu za ziada, uzisimamishe siku kadhaa. Zinazotaka kupinda zitapinda hapo, wakati bado una unene wa kurekebisha.

Mbao za mtumbwi na boti ni habari nyingine, na mafundi wa Mwaloni Kirumba na wa Ukerewe wanajua kwa nini. Ubao wa chombo utaishi umelowa. Ukiufunga ukiwa na asilimia 10, utavimba majini, utasukumana na jirani yake na kung'oa misumari. Ukiufunga mbichi, siku chombo kinapovutwa ufukweni kwa matengenezo utasinyaa, pamba ya kalafati italegea, na kikirudishwa majini kitavuja kila mshono. Ulenge asilimia 15 hadi 18, uupake mafuta pande zote kabla haujafungwa, na chombo kinapopumzika nchi kavu kifunike kwa makuti au magunia yaliyolowekwa, hasa upande wa jua la mchana.